Kipande cha Sabuni na Zawadi ya Mzazi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini kila mtu amekwisha kukaa, na kitabu chake kiko wazi mbele yake. Leo tutasoma habari za kale, yaani historia. Lakini historia ya leo si ya wafalme na majemadari. Ni historia ya kitu kilichomo nyumbani kwako, kitu ambacho labda umekishika asubuhi hii. Kitu hicho ni sabuni.

Nitaanza na kisa kifupi. Siku moja nilikwenda kutembelea darasa la akina mama. Baada ya masomo wanafunzi wote walikuwa wakienda kumpongeza mwenzao aliyejifungua. Huyu alichukua doti ya kanga, yule alichukua beseni jipya. Mama mmoja akabaki nyuma mlangoni. Nikamwuliza, "Mama, mbona huendi pamoja na wenzako?"

Akafungua kitambaa chake, akanionyesha sabuni mbili na dodoki moja. Akasema, "Mwalimu, naona haya. Sabuni hizi nimezipata kwa kubana. Mwezi huu nyumbani kwangu tumeoga kwa vipande vilivyobaki, ili hizi nizifikishe kwa mzazi nzima. Sasa nitakiwekaje kitu kidogo kama hiki karibu na kanga za watu?"

Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu, "Nenda, mama, zawadi ni zawadi." Nilipofika nyumbani maneno yake hayakunitoka. Nikafungua vitabu nione watu wa zamani waliionaje sabuni. Somo hili ndilo jibu ambalo nilipaswa kumpa pale mlangoni. Lisikilize, kisha ulisome tena polepole.

SABUNI ILITOKA WAPI?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi twasema sabuni. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, ambao husema sabun. Wareno husema sabão, na Wafaransa husema savon. Yatamke maneno hayo matatu, moja baada ya jingine. Utaona kuwa yote ni ndugu, nayo yanafanana na neno la Kilatini, sapo.

Mwandishi mmoja Mrumi aitwaye Plinius, aliyekufa mwaka 79, aliandika habari ya sapo. Alisema kwamba watu wa Gallia, nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliitengeneza kwa mafuta ya wanyama na majivu. Tena alisema kuwa waliitumia kutia nywele zao rangi nyekundu! Hakusema kuwa waliogea.

Mafuta na majivu: hapo ndipo ilipo siri yote. Ukimimina maji juu ya majivu ya kuni na kuyachuja, wapata maji makali yanayoteleza mkononi. Maji hayo yakichemshwa na mafuta kwa muda mrefu, mafuta hugeuka yakawa kitu kingine, nacho ni sabuni. Mahali pengine watu walitumia magadi badala ya majivu. Magadi unayajua. Ndiyo yale ambayo wapishi wetu hutia katika maharagwe ili yaive upesi.

Katika mji wa Aleppo huko Syria, na mji wa Nablus huko Palestina, mafundi walitengeneza sabuni kwa mafuta ya zeituni kwa mamia ya miaka, na hata leo kazi hiyo ipo. Sabuni ikiisha kukatwa, hupangwa moja juu ya nyingine kwa kuacha nafasi ya upepo, mpaka inakuwa kama minara. Hukaa hivyo ikikauka taratibu. Mwezi wa Desemba 2024, UNESCO iliuandika ufundi wa miji hiyo miwili katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Tazama basi: kitu ambacho mama yule alikionea haya, mataifa yamekihesabu kuwa ni urithi.

SABUNI ILIPOTOZWA KODI

Sasa twende Uingereza. Mwaka 1712 serikali ya huko ilianza kutoza kodi juu ya sabuni. Kila ratili ya sabuni ilipotengenezwa, serikali ilichukua fedha yake. Maofisa wa kodi walikwenda viwandani, na usiku walifunga kwa kufuli vifuniko vya masufuria makubwa ya kuchemshia, ili mtu yeyote asipike sabuni kwa siri.

Matokeo yake yalikuwa nini? Sabuni iliuzwa ghali. Tajiri aliweza kununua, lakini maskini alifua nguo zake kwa maji ya majivu. Kwa hiyo usafi ukawa kama mali ya wenye fedha. Mtoto wa maskini alikaa mchafu, si kwa sababu mama yake alikuwa mvivu, ila kwa sababu mama yake hakuwa na kitu mfukoni. Likumbuke jambo hilo utakapomwona mtoto mchafu njiani, usije ukamcheka mama yake.

Mambo mawili yalisaidia kushusha bei. La kwanza lilitoka kwa Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc. Mwaka 1791 alipata hati ya serikali kwa njia yake mpya ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Tangu hapo watengenezaji wa sabuni hawakutegemea tena majivu peke yake. Leblanc mwenyewe hakufaidi. Kiwanda chake kilichukuliwa wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, naye akafa maskini mwaka 1806.

Jambo la pili lilitoka hapa Afrika. Waingereza walipiga marufuku biashara yao ya watumwa kwa sheria ya mwaka 1807. Lakini merikebu zao hazikuacha kwenda pwani ya Afrika Magharibi. Sasa zilifuata mafuta ya mawese. Mapipa na mapipa ya mawese yalipelekwa Uingereza, na sehemu kubwa ikapikwa sabuni. Kwa hiyo mtu wa London alipoosha uso wake, ndani ya povu lile mlikuwamo jasho la mkulima Mwafrika aliyepanda mchikichi kuangua ngazi. Vitabu vingi husifu viwanda, vikamsahau mkulima huyo. Sisi tusimsahau.

Hatimaye, mwaka 1853, William Gladstone, aliyekuwa waziri wa fedha, aliifuta kodi ya sabuni. Ilikuwa imetozwa kwa miaka 141. Serikali ilipoteza pato la zaidi ya pauni 1,000,000 kwa mwaka, lakini sabuni ilianza kufika katika nyumba za watu wadogo.

VIPANDE VYA WAKATI WA VITA

Labda utasema, "Hayo ni ya zamani sana." Haya, tusogee karibu.

Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta. Merikebu nyingi zilizamishwa baharini, na nchi nyingi za Asia zilizokuwa zikitoa mafuta ya nazi na mawese ziliingia mikononi mwa Wajapani. Mafuta yaliyobaki yalihitajiwa kwa chakula. Basi tarehe 9 Februari 1942 serikali ikaweka mgawo wa sabuni. Kwa kawaida mtu alipewa tiketi nne kwa mwezi. Tiketi moja ilitosha kununua aunsi 4 za sabuni ngumu, yaani kama gramu 113. Kwa hiyo kama mtu alichukua sabuni ngumu tupu, kwa mwezi mzima alipata chini kidogo ya nusu kilo. Hiyo ilikuwa ya kuogea, ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Watoto wachanga walipewa zaidi.

Je, watu walifanya nini? Walifanya kama mama yule wa darasani. Hawakutupa kipande. Wengine walikibandika kipande chembamba juu ya sabuni mpya, vikakauka pamoja vikawa kitu kimoja. Wengine waliweka vipande katika chupa, wakatia maji ya moto, vikawa uji wa kufulia. Jikoni walikuwa na kikapu kidogo cha waya chenye mpini. Ndani yake walitia vipande vya sabuni, wakakitikisa katika maji ya vyombo mpaka povu likatokea.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini mgawo wa sabuni uliendelea mpaka Septemba 1950. Na hao walikuwa watu wa nchi yenye viwanda vikubwa. Hawakuona haya kutunza kipande. Walijua thamani yake.

Tena katika vita hivyo, Msalaba Mwekundu ulipeleka vifurushi kwa wafungwa wa vita. Ndani mlikuwa na chakula, na mara nyingi mlikuwa na kipande cha sabuni pia. Kwa nini sabuni, na mtu ana njaa? Kwa sababu chakula humwambia mtu, "Uishi." Lakini sabuni humwambia, "Wewe bado ni mtu, na utu wako haujapotea."

MTU WA UGANDA KATIKA HOTELI

Sasa tusikie habari ya jirani yetu. Derreck Kayongo alizaliwa Uganda, na baba yake alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Wakati wa utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971 ukaisha mwaka 1979, watu wengi waliikimbia nchi ile. Familia ya Kayongo nayo iliingia Kenya.

Miaka ya mwanzo ya 1990, Kayongo alikwenda Marekani. Akalala katika hoteli moja mjini Philadelphia. Akaona ajabu: kila siku sabuni aliyoitumia kidogo iliondolewa, na mpya ikawekwa mahali pake. Akadhani anatozwa fedha kwa kila sabuni, akajaribu kuzirudisha. Ndipo akaambiwa kwamba sabuni zilizotumiwa hutupwa. Mtoto wa mpika sabuni, aliyewaona wakimbizi wasio na hata kipande, akaumia moyoni.

Mwaka 2009, katika mji wa Atlanta, alianzisha Global Soap Project. Kazi yake ilikuwa kukusanya sabuni zilizobaki katika mahoteli na kuzitengeneza upya. Wafanya kazi walizikwangua nje, wakaziyeyusha kwa moto, wakazikata upya. Kabla ya kuzipeleka popote, nyingine zilipimwa katika maabara ili kuhakikisha kuwa ni salama. Kisha zilitolewa bure kwa wenye shida katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwamo.

Mwaka huohuo 2009, mjini Orlando, watu wengine walianza kazi kama hiyo kwa jina la Clean the World. Walianzia katika banda la kuwekea motokaa. Vifaa vyao vilikuwa visu vya kumenyea viazi, mashine za kusagia nyama na vyungu vya umeme. Baadaye kazi za pande hizo mbili ziliunganishwa. Basi ona jinsi haba na haba ilivyojaza kibaba.

ZAWADI ILIYOOKOA WATOTO

Lakini sabuni ndogo huleta faida gani kweli? Jibu lilipatikana Karachi, katika nchi ya Pakistan. Watafiti walikwenda katika mitaa ya maskini ya mji huo. Nyumba nyingine walizigawia sabuni bure, na kila wiki waliwatembelea wenyeji kuwafundisha kunawa mikono. Nyumba nyingine hazikupewa sabuni. Kisha wakahesabu watoto waliougua huku na huku.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Katika nyumba zilizopewa sabuni, homa ya mapafu, yaani nimonia, ilipungua kwa nusu kwa watoto wa chini ya miaka 5. Ugonjwa wa kuharisha nao ulipungua kwa zaidi ya nusu kwa watoto wa chini ya miaka 15. Tena sikiliza vizuri: baadhi ya nyumba zilipewa sabuni ya kawaida, na nyingine zilipewa sabuni yenye dawa. Faida ilikuwa sawasawa. Sabuni ya kawaida ilitosha.

Sababu yake ni hii. Chembe ya sabuni ina pande mbili. Upande mmoja hushika mafuta na uchafu, upande wa pili hushika maji. Ukisugua mikono kwa sekunde 20 hivi na kuisuuza, maji huondoka na uchafu pamoja na vijidudu vya maradhi. Kipande chembamba kina chembe zilezile zilizomo katika mche mzima. Udogo wake hauipunguzi nguvu yake.

FANYA HIVI NYUMBANI

Sasa tutoke katika historia tuingie nyumbani kwako.

Kwanza, kausha sabuni. Sabuni inayokaa ndani ya maji huyeyuka bure. Iweke juu ya vijiti au kibao chenye matundu.

Pili, unganisha. Lowesha kipande cha zamani na sabuni mpya, vikandamize pamoja, uviache usiku kucha.

Tatu, shona kimfuko cha kitambaa chepesi, utie vipande vyako, ukifunge kwa kamba na kukining'iniza kwenye kibuyu chirizi karibu na choo. Kila atokaye chooni atasugua kimfuko hicho na kunawa. Hapo ndipo kipande kinapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Nne, kwa kufulia, kwangua vipande, tia maji ya moto, acha mpaka kesho. Utapata uji mzito wa sabuni. Utumie katika siku chache, usiuache ukaoza.

Lakini angalia mambo mawili. Vipande vilivyotumiwa ni vya nyumba yako mwenyewe. Usimpe mtu mwingine sabuni uliyokwisha kuogea. Wale wa Atlanta walikuwa na moto na maabara, nasi hatuna. La pili, usichezee dawa kali ya kupikia sabuni pasipo kufundishwa, maana huunguza ngozi na macho.

Basi vipande vitumie wewe, na kile ulichookoa kitoe zawadi. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yule. Zawadi ya mzazi unaweza kuitengeneza hivi: sabuni mbili mpya, kitambaa safi cha kuogea, na dodoki kutoka ugani kwako. Dodoki likikauka juu ya mti, limenye, kung'uta mbegu, lioshe na kulianika juani. Mbegu zipande tena. Ukipenda harufu, weka asumini zilizokauka katikati ya mkunjo wa kitambaa. Ila sabuni ya mtoto mchanga isiwe na manukato makali, na dodoki ni la mama tu, kwa kuwa ngozi ya mtoto ni laini mno.

JIBU LANGU

Mama yule alikwenda kwa mzazi. Nilimwona akitembea nyuma ya wenzake, kitambaa chake mkononi. Kama ningekutana naye leo, ningemwambia hivi: "Mama, kitu ulichobeba kilitozwa kodi kwa miaka 141. Kiligawiwa kwa tiketi katika nchi tajiri. Kilifungwa pamoja na chakula cha wafungwa. Kule Karachi kilipunguza maradhi ya watoto kwa nusu. Kanga ni nzuri, itamstiri mzazi. Lakini atakayemshika mtoto yule mchanga atanawa kwanza kwa sabuni yako. Usitembee nyuma."

Wazee wetu walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Wewe unayesoma ukurasa huu, ukiwa na sabuni moja tu ya kutoa, itoe kwa mkono wa kulia na uso ulioinuka. Na kipande kilichobaki nyumbani, usikitupe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Plinius alisema watu wa Gallia walitumia sapo kwa kazi gani?
2. Kodi ya sabuni ya Uingereza ilianza mwaka gani, na iliisha mwaka gani? Iliwadhuru nani zaidi?
3. Katika nyumba zilizopewa sabuni huko Karachi, watoto walipata faida gani?
4. Kijijini kwenu watu humpelekea mzazi zawadi gani? Je, yuko anayekaa nyumbani kwa kuona haya kwamba hana kitu kikubwa? Mfanye nini ili asione haya?
5. Andika sentensi tatu juu ya kipande cha sabuni kilichomo nyumbani kwako sasa. Utakifanyia nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.